Nimekabidhiwa kuandika mti wa ukoo, mkutano ni Njombe mwezi wa saba. Nibebe nini?

binti_wa_mbagala

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Ukoo wetu unakutana Njombe mwezi wa saba. Si msiba wala harusi, ni mkutano wa ukoo wenyewe, na ajenda kubwa ni kuandika nani kamzaa nani. Kwenye kikao cha Dar tulikaa kwa baba mkubwa, Kijichi. Wazee wakatazamana, mmoja akasema "huyu si ndiye wa kompyuta?", ikawa imeisha, mimi ndiye katibu. Kompyuta yenyewe ni ya kuandikia ankara kwenye duka la vipuri. Mti wa ukoo sijawahi kuuchora hata wa shuleni.

Hali iko hivi. Babu mzaa baba na mdogo wake walitoka Njombe miaka ya hamsini wakaenda manamba Korogwe, kwenye mkonge. Babu alirudi, akaoa, ndio sisi. Mdogo wake hakurudi. Alioa hukohuko, akasilimu, akabadili jina, na huku ikabaki kusemwa tu "yule aliyepotelea kwenye katani". Mwaka jana mjukuu wake alimpata baba kwa simu. Akataja jina la bibi yao na kilima kilicho nyuma ya kijiji, na baba ambaye huwa haongei na namba asizozijua akavuta kiti akakaa. Sasa wale wa Tanga wanakuja, wamekodi Coaster. Wazee wanataka wakifika wakute majina yao ukutani.

Nilicho nacho: daftari la baba ambalo nusu ni majina na nusu ni madeni ya duka, picha ya studio isiyo na maandishi nyuma, kipande cha babu cha kazi ya mkonge, shahada ya ubatizo ya bibi iliyokunjwa hadi mikunjo imeachana, na grupu la WhatsApp ambalo watu wake ni wengi kuliko majina niliyonayo, na bado kuna ambao hawajajitambulisha.

Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kulifanya hili. Nichapishe mti mkubwa kabisa hapa mjini au nikachore huko? Wazee nawauliza vipi bila kufanana na polisi? Na nibebe nini, maana mimi ni mtoto wa Temeke, Njombe nilipelekwa nikiwa mgongoni.

---

Mama Pacha

Mdogo wangu, kabla ya mti, koti. Nimeolewa huko, naongea ninachokijua. Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya bahari, na Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10. Asubuhi unaamka ukungu umekaa mlangoni. Nenda mitumba ya Karume mapema, tafuta koti zito, lile ambalo hapa Dar hata kulijaribu unatoka jasho. Soksi, kofia ya sufu, mafuta ya mgando maana midomo inapasuka. Blanketi beba la kwako, mkutano wa ukoo wageni huwa wengi kuliko blanketi.

Zawadi: usithubutu kwenda na majani ya chai, chai wanalima wao. Peleka vya pwani. Nazi, dagaa, samaki wa kukaanga wa Feri waliofungwa vizuri. Sukari na sabuni havikataliwi popote. Mashangazi, kila mmoja doti ya kanga, na usisahau mmoja, ni heri ukose wote.

Basi panda Mbezi, stendi ya Magufuli, la alfajiri. Ni kama kilomita 700 na Kitonga, ule mlima wa kona kali, utaipita mchana, utaona vizuri. Ukifika usianze na "mambo". Sema "kamwene", watakupenda hapohapo.

---

karani_mstaafu

Marahaba binti. Nilikuwa karani wa masjala serikalini hadi nilipostaafu, nakaa Temeke hukohuko kwenu, na ukoo wetu niliuandika kwa mkono huu. Nivumilie nikirefusha.

La kwanza, usiende na mti uliokamilika. Najua vijana mnapenda bango la plastiki lenye rangi na picha ya mbuyu. Ukilibandika, wazee watasifu, watapiga picha mbele yake, wataenda kula. Hakuna atakayesema neno, kwa sababu kitu kilichochapwa kinaonekana kimeshaamuliwa. Wewe nenda na karatasi za manila ulizounganisha kwa gundi, majina yameandikwa kwa penseli, mapengo yanaonekana waziwazi. Mzee akiona kaka yake kawekwa chini yake kama mdogo, atainuka mwenyewe, atashika penseli, na hapo ndipo utakapopata na wale watoto wawili waliofariki wadogo ambao hakuna aliyewahi kukutajia. Kalamu ya wino tumia tu kwa jina ambalo watu wawili wasiokaa nyumba moja wamelithibitisha.

Manila zako zikunje duara, zitie kwenye bomba la plastiki la maji, la inchi nne. Fundi bomba yeyote atakukatia na kukuuzia vifuniko viwili. Kaa nalo ndani ya basi. Kwenye buti litalaliwa na ndoo ya samaki wa mtu. Tepu ya karatasi beba, lakini usiitegemee: ukuta wa chokaa haushiki tepu, na asubuhi ya ukungu ndiyo kabisa. Beba kamba ya katani na vibanio vya nguo. Funga kamba toka dirisha hadi dirisha, anika ukoo.

La pili, namba. Mpe kila mtu namba yake na asibadilishiwe hadi kiama. Majina yatakuchezea. Kwenye ukoo mmoja babu na wajukuu wanne wanaitwa jina moja, kwa sababu wote wamerithishwa. Babu yako mdogo peke yake utamkuta na jina la nyumbani, la ubatizo kama alibatizwa kabla hajaondoka, la Kiislamu, na lile ambalo karani wa shamba aliliandika kwa kadiri alivyosikia. Yote hayo yaandike chini ya namba moja, jina la nyumbani kwanza. Na kama babu wa juu alikuwa na wake zaidi ya mmoja, tenganisha nyumba kwa herufi, 2A, 2B. Usipotenganisha, kizazi cha tatu hutajua nani ni ndugu wa tumbo moja na nani ni wa baba tu, na hilo wazee wanalijali sana hata wasipolisema.

Ndiyo maana swali la "baba yako ni nani" halitoshi. Kwetu kaka wa baba ni baba, na mtu atakutajia baba watatu kwa moyo safi. Uliza "aliyekuzaa ni yupi?" kisha "na ulitoka tumbo la nani?" Hilo la pili usiliulize mkutanoni. Liulize jikoni, umekaa kwenye kigoda, unamenya viazi. Binti, mashangazi ndio masjala. Wanaume watakupa safu ndefu ya wanaume hadi kwa mtu aliyetoka mlimani na mkuki, lakini wasichana walioolewa nje hutawasikia. Shangazi anajua nani aliolewa wapi, kwa ng'ombe wangapi, na mtoto yupi alikuja na mama yake.

Miaka usiulize. Mzee akiulizwa mwaka anataja wa kwenye kitambulisho, ambao mara nyingi ulikisiwa siku ya kujiandikisha. Mpe matukio achague. Alizaliwa kabla au baada ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, ile ya 1914 hadi 1918? Kwa aliyetangulia zaidi, Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Uhuru, 1961, alikuwa anachunga au ameshaoa? Vijiji, ile hamahama ya Ujamaa ya mwaka 1974, alihama na watoto wangapi? Vita vya Kagera, 1978, nani alikwenda? Andika alivyosema, na pembeni mwaka wako kwa penseli.

Hapo kwenye Vijiji utulie. Watu walihamishwa, makaburi hayakuhamishwa. Muombe mzee mmoja akupeleke kwenye mahame ya zamani asubuhi kabla kikao hakijaanza. Njiani ataongea kuliko ukumbini. Simu yako itaweka alama ya mahali hata kama hakuna mtandao. Piga picha ya kaburi, andika namba ya mtu kwenye daftari papo hapo, maana makaburi ya mawe bila msalaba yote yanafanana ukirudi Mbagala.

Kuhusu karatasi zako. Kipande ni mali. Kwenye mkonge mtu aliandikishwa kwa kadi ya siku 30 za kazi, siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa inajazwa, kadi ikijaa ndipo analipwa. Wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944, na nyanda za juu kusini walikochukuliwa watu ni pamoja na Njombe. Kitazame kwa mwanga wa pembeni: jina la shamba, wilaya ya nyumbani, pengine na jina la jumbe. Kipige picha mbele na nyuma. USIKILAMINISHE. Najua dukani kwenu mashine ipo. Ule moto ukishapita juu ya wino wa zamani hakuna wa kuurudisha. Halisi kiweke kwenye bahasha ya plastiki, kinachozungushwa mkononi mwa watu kiwe kopi.

Shahada ya bibi itakuwa na namba ya kwenye kitabu cha ubatizo. Hiyo namba ndiyo dhahabu. Wakati wa mkoloni vizazi vya vijijini vingi havikufika serikalini, lakini misheni ziliandika: jina la mbatizwa, wazazi, kijiji, wasimamizi. Ni misheni ipi?

---

binti_wa_mbagala

Asante sana mzee wangu, nimesoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Shahada imeandikwa Kidugala. Na kweli ile laminisha nilishaiwaza, Mungu amekutuma.

---

karani_mstaafu

Kidugala ni misheni ya zamani ya Walutheri wa Berlin, ina historia ndefu. Nenda siku mbili kabla ya mkutano. Chukua barua ya utambulisho kwa mchungaji wako wa hapa, yenye muhuri, ikitaja jina la bibi na namba ya shahada. Mwenye funguo ya kabati anaweza kuwa shambani, ndiyo maana nasema siku mbili. Usipige picha kitabu kabla ya kuruhusiwa. Nakili kwa mkono mstari mzima wa bibi, kisha angalia na mistari ya jirani, maana ndugu walikuwa wakibatizwa siku moja.

Nyaraka za Taifa pale Upanga najua mtu atakutajia. Ni pazuri, kuna mafaili ya Mjerumani na ya Mwingereza, na kuna vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri, wakuu wa wilaya wa mkoloni, waliandika habari za watemi, majumbe na koo. Lakini kama kwenu hakukuwa na jumbe, usitegemee kukuta jina la babu. Nenda baada ya mkutano, ukiwa na majina ya majumbe wa wakati ule kutoka kwa wazee. Ukienda sasa utakaa siku nzima unasoma habari za watu wengine, tamu kweli, lakini si zenu.

---

sinza_kumekucha

Naongezea ya vifaa tu, ya wazee mzee kamaliza.

Kwenye laptop weka Gramps, programu ya kuandikia ukoo. Ni bure, inafanya kazi bila intaneti, na inakubali mtu mmoja kuwa na majina mengi, kwa hiyo babu wa majina manne hakusumbui. Usiingize chochote ukiwa mkutanoni lakini. Mchana ni daftari na penseli, usiku unaingiza kwenye mashine huku kumbukumbu bado mbichi. Ukimaliza toa faili la GEDCOM, hilo hufunguka kwenye karibu programu zote za ukoo, hata wajukuu zako wakitumia kitu kingine.

Kurekodi: simu iweke hali ya ndege, la sivyo babu akifika kwenye jina muhimu mtu wa mikopo anapiga. Maiki ndogo ya kubana kwenye shati inatosha. Kabla ya kila mzee, sema kwa sauti tarehe, mahali na jina lake, na mwombe ruhusa ikiwa inarekodi. Pawabenki mbili, na waya mrefu wa umeme wenye matundu, maana ukumbi wa kijijini soketi huwa moja na imeshikwa na spika. Kila usiku kopi moja kwenye flashi, na flashi ikae kwenye begi la mtu mwingine.

Nilijifunza mengi kwenye mihadhara ya RootsTech, lile kongamano la ukoo la Salt Lake City, Marekani. FamilySearch, shirika la kumbukumbu za ukoo, wanaliandaa tangu 2011 na mihadhara mingi inarushwa bure. Mengi ni ya watu wenye sensa na vyeti vya miaka mia mbili, hayo ruka. Tafuta ya masimulizi ya wazee wa Afrika.

Mbili za sheria. Taarifa za watu walio hai usizimwage mtandaoni, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na ndugu wa ng'ambo akikwambia ukusanye mate ya wazee apeleke kupima vinasaba, mwambie asubiri. Sampuli za vinasaba vya binadamu zina sheria yake tangu 2009, si kitu cha kutia kwenye bahasha.

---

mwana_korogwe

Mimi nipo upande wa hao wa Coaster. Si ukoo wako, ila nimezaliwa kambini, baba wa babu yangu katoka bara vilevile.

Dada, wale wageni wenu wanajua vitu msivyovijua. Waulize majina ya kambi alizokaa, nani alikuwa mnyapara, nani walikuwa majirani. Manamba wa wilaya moja walikaa pamoja, wakazikana pamoja. Huyo babu alizikwa na watu, na miongoni mwao kuna wa Njombe ambao wajukuu zao nao wanatafuta kwao. Waambie waje na picha ya kaburi na picha za harusi za zamani.

Nyama ichinjwe na Muislamu, na wageni waambiwe hivyo mapema, wasikae na sahani mapajani wakijiuliza. Sufuria pia, kwenye sherehe za huko kitimoto hakikosekani.

Na hili niliseme wazi. Mkiweka ukoo ukutani kuna mtu atasimama nyuma aulize: hawa wamekuja kutambuana au kudai shamba? Kwetu lilitokea. Mwenyekiti wenu ajibu kabla halijaulizwa, kwenye ufunguzi, kwa maneno mawili matatu: karatasi hii ni ya majina, mambo ya ardhi yana kikao chake. Tawi la Tanga lichorwe kwa mstari uleule kama wengine. Kwetu walituchora kwa vidotidoti, mama yangu hajasahau.

---

binti_wa_mbagala

Mstari uleule, nimeandika kwenye daftari kwa herufi kubwa. Na nyama nimeshamwambia baba, kasema atalisimamia mwenyewe.

Bomba nimelipata Mbagala Rangi Tatu. Fundi alitaka kujua natengeneza tanki la nani. Nikamwambia naweka ukoo humo. Akanipunguzia bei, sijui kwa huruma.

Sasa jambo ambalo nilikuwa naliogopa. Kuna kaka yetu mmoja, mtoto wa baba mkubwa wa nje ya ndoa. Mtu mzima, ana watoto wake, yupo kwenye grupu. Baba mkubwa anasema "huyo tutaliongea siku nyingine", mama mkubwa hataki kusikia. Yeye mwenyewe kanitumia ujumbe usiku, kaniuliza kama nimemwandika. Sijajibu. Mzee karani, nafanyaje?

---

karani_mstaafu

Mjibu leo, asilale na hilo. Mwambie una namba yake na ya watoto wake. Usimwahidi ukuta.

Masjalani tulikuwa na masjala ya wazi na masjala ya siri. Faili la siri halichomwi, linakaa kabati lingine na mwenye ruhusa anajulikana. Nawe fanya hivyo. Daftari la pili dogo, lisilotoka kwenye begi lako: humo aandikwe kamili, baba, mama, mahali alipozaliwa, watoto wote. Ukutani ataingia siku baba yake atakapotamka. Lakini kwenye kumbukumbu yupo tangu sasa, kwa namba inayofuata wenzake kwa umri. Usimwekee ya mwisho kabisa kana kwamba amezaliwa jana.

Baba mkubwa usimkabili mwenyewe, wewe ni mtoto. Dada yake yupo? Shangazi mkubwa wa tumbo moja naye?

---

binti_wa_mbagala

Yupo, Tandika. Huyo ndiye anayemlea mtoto wa kwanza wa huyo kaka.

---

karani_mstaafu

Basi ameshajibu zamani, wenzake ndio hawajasikia. Jumamosi mpitie Tandika, mwende wote Kijichi. Wewe utasalimia, utaenda jikoni kusaidia, na daftari uliache nyumbani. Akimaliza naye atakuita.

Na ununue vibanio vya mbao, si vya plastiki. Vya plastiki kwenye baridi vinakatika.